Sanduku la Kura Lenye Miguu

Jumatatu, 23 Septemba

Karibu, Mpekuzi. Ndiyo, wewe, uliyefungua daftari la mtu bila kuombwa. Kaa. Kama wewe ni Tofali, mwenzangu wa chumba, rudisha hiki kitu chini ya godoro na uache karanga zangu. Kama ni mtu mwingine, umefika wakati mzuri. Kuna mtu hapa anakaribia kuingia kwenye historia.

Mtu mwenyewe ni mimi. Lavonte Gaddis, mwaka wa pili, Chuo cha Hollis. Mwanachama wa tawi la wanafunzi la chama cha haki za raia. Cheo: hakuna. Bado.

Leo kikao. Habari mbaya. Dokta Mosley, mlezi wetu wa tawi, katusomea barua ya bodi ya uchaguzi ya kaunti. Wanataka kuondoa kituo cha kupigia kura kilichoko kwenye ukumbi wetu wa michezo. Wanasema wanafunzi hatujiandikishi, kwa hiyo kituo kinakaa bure. Uandikishaji unafungwa Jumamosi tarehe 5 Oktoba. Tukifikisha majina mia nne ya eneo la chuo, kituo kinabaki. Yakipungua, kinahamia kwa zimamoto kule Dunmore. Maili kumi na moja. Mashamba ya pamba kushoto, mashamba ya pamba kulia. Basi hakuna, halijawahi kuwepo.

Dokta akaikunja barua mara nne, akasema kituo kile watu waling'atwa na mbwa wa polisi ili kipatikane, na sasa tunanyang'anywa kwa karatasi.

Habari nzuri: rais wa tawi kahama chuo! Tunachagua mpya tarehe 8. Ofisini kuna ukuta wa picha za marais wote, ishirini na watatu, wa kwanza ana bandeji kwenye paji la uso. Baada ya wa mwisho kuna fremu tupu. Nimeipima kwa kiganja. Picha yangu nimeshapiga. Kidevu juu, macho mbali.

Tatizo ni moja. Keturah Bolden, katibu. Ana miaka kumi na tisa na watu wanamwita Dada Keturah kama amelea nusu ya chuo. Hapigi kelele. Anatembea na kalamu tatu. Mtu wa kalamu tatu atanishinda mimi, niliyejifundisha hotuba peke yangu kwa video za maktaba na kioo cha bafuni? Nakataa.

Jumatano, 25 Septemba

Jumatano ya kuku. Kila wiki siku hii bwalo linakaanga kuku, na kila mtu kavaa nguo ya kutokea, bwalo linanukia, foleni mpaka nje. Nikawaza: watu wote mahali pamoja! Nikaweka meza yangu mwisho wa foleni, pale unapotoka na sahani.

Kosa. Mtu aliyeshika kuku mkono mmoja na mkate wa mahindi mkono wa pili hana mkono wa kuandikia. Waliojaribu walinipaka mafuta. Kalamu haiandiki kwenye mafuta, Mpekuzi. Inateleza tu. Fomu nne, na moja inaonyesha upande wa pili kama dirisha.

Keturah kaweka meza yake mwanzo wa foleni. Pale watu wamesimama nusu saa, mikono mitupu, wamechoka kuangalia kisogo cha mwenzao. Fomu hamsini na mbili. Akapita kwangu na sahani yake, akaniuliza kwa upole kama nahitaji tishu.

Bi Vernell alikuwa anacheka nyuma ya sufuria. Huyu ndiye mpishi mkuu wa bwalo, mwaka wa thelathini na moja sasa. Akaniambia mimi nina maneno mengi kama redio ya jirani, lakini nikale, nimekonda. Akaniwekea paja la pili.

Nikamuuliza habari ya kituo. Kumbe yeye hupiga kura palepale ukumbini. Anavua aproni, anavuka uwanja, anapiga, anarudi kabla biskuti hazijaungua. Dakika kumi na nne, amezipima. Gari hana. Kule Dunmore akienda kwa miguu, atarudi lini? Akasema mama yake, enzi watu weusi wakizuiwa kupiga kura, aliwahi kuulizwa na karani kuna mapovu mangapi kwenye kipande cha sabuni, ndipo aruhusiwe kujiandikisha. Ndiyo maana yeye hajawahi kukosa hata mara moja, hata ile ya kuchagua mkaguzi wa mifereji.

Nikamwambia: Bi Vernell, usiwe na wasiwasi. Hili liko mikononi mwangu.

Akasema basi ninawe kwanza, ina mafuta.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimegundua mchezo wa Keturah. Kila jioni anakusanya fomu za wote, anazitia kwenye bahasha moja, anazipeleka kwa karani wa uchaguzi mjini. Halafu anatangaza: tawi limepata kadhaa. TAWI! Sasa mimi nitaonekana wapi humo? Jasho langu linaingia kwenye bahasha ya mtu mwingine!

Uamuzi: fomu zangu sitoi. Zinakaa kwenye boksi la viatu vyangu vya kanisani, mpaka siku kubwa.

Pia nimelinyamazisha lile kundi la tawi kwenye simu. Keturah anaandika mle mara tisa kwa siku. Kumbusho, tangazo, kumbusho la tangazo. Linanichosha roho.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mpekuzi! Mimi ni kichwa!

Jumamosi ni Sikukuu ya Kurudi Nyumbani. Wahitimu wanakuja kutoka kila pembe, gwaride asubuhi, mpira mchana. Wiki hii hakuna kijana wa Hollis asiyenyolewa. Na anayenyoa ni mmoja, Snap, kwenye chumba cha kufulia bwenini. Nimeongea na Snap. Anakunyoa nusu ya kichwa, anazima mashine, anasema inapoa. Hapo ndipo naingia na fomu.

Utakimbilia wapi na nusu kichwa?

Siku tatu, fomu tisini na tatu! Na zile nne za mafuta, tisini na saba!

Mmoja tu alinisumbua, Deshaun anayesomea ufundi wa mabomba, eti kashajiandikisha kwa Keturah, na akaondoka vilevile, kushoto kumekatwa, kulia msitu. Akaenda moja kwa moja kushtaki. Keturah akaja mpaka mlangoni, kwa sababu wasichana hawaingii, akasema haki za raia ni pamoja na haki ya kumaliza kunyolewa. Watu wakacheka. Hata Snap. Msaliti.

Halafu akauliza nina fomu ngapi, azipeleke leo, maana tumefika mia tatu na kidogo tu na siku zimekwisha. Nikamwambia atajua Jumamosi pamoja na wengine. Akasema, Lavonte, hizo siyo zako.

Wivu ni ugonjwa.

Mpango ni huu. Tawi lina tela kwenye gwaride, linavutwa na trekta ya shamba la chuo. Nitasimama katikati ya tela nikiwa sanduku la kura. Boksi la friji, rangi nyeupe, kichwa juu, mikono pembeni, tundu kifuani. Fomu tisini na saba ziko ndani, juu ya tumbo langu. Gwaride likiisha, naingia kwa karani na wapiga picha nyuma. Karani anafunga saa kumi na moja jioni kama siku zote. Nafasi ipo ya kumwaga.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nitaandika upesi, kabla sijabadilisha mawazo.

Gwaride lilikuwa lianze saa tatu. Lilianza saa tano kasoro, kwa sababu gwaride letu halijawahi kuanza kwa wakati tangu dunia iumbwe. Tofali alinifunga ndani ya boksi kwa utepe wa gundi, mizunguko sita, akakimbilia tuba lake, lile tarumbeta kubwa la bendi. Jua. Jasho. Lakini watu, Mpekuzi! Watu pande zote mbili za barabara! Akina mama na viti vyao, wazee na kofia za mwaka wao, watoto mabegani. Bendi mbele yetu inapiga mpaka meno yanacheza. Watu walikuwa wananyoosha kidole: tazama sanduku! Nikapunga. Nikapunga kama gavana.

Tukafika mbele ya mahakama. Saa ya mnara ilionyesha saa tano na dakika arobaini, nilitazama kwa macho yangu. Mlango wa karani uko chini pale, hatua thelathini kutoka barabarani, uko wazi. Nikauona. Nikaupungia.

Na Keturah akatokea. Kavaa gauni zuri, viatu kashika mkononi, anakimbia kandokando ya tela. Anapiga kelele. Keturah, anapiga kelele! Tuba kumi na mbili zilikuwa zinalia mbele yangu, sikusikia kitu. Anaonyesha mlango. Anaonyesha tumbo langu. Anagonga mkono wake pale watu wanapovaa saa. Nikajua moja kwa moja: anataka kupanda apate picha.

Akashika ubao wa tela. Akaweka goti.

Nikamgongea dereva. Nikamwambia akaze mwendo.

Akakaza. Mkono wa Keturah ukaachia.

Nikapunga tena, kwa huruma.

Gwaride liliisha saa saba kasorobo. Nikashuka, nikarudi mjini kwa miguu ndani ya boksi, kwa sababu Tofali hakuonekana na gundi haikutoka. Mpaka mlango wa karani. Umefungwa. Karatasi kwenye kioo: Jumamosi ya mwisho, mwisho saa sita mchana. Mama mmoja alikuwa ndani anazima taa. Nikagonga. Akanitazama juu mpaka chini, sanduku la kura lenye miguu, linalia. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Akatikisa kichwa. Hata angefungua nisingepita, boksi pana kuliko mlango.

Nikafungua simu. Nikalifungua lile kundi. Ujumbe wa Alhamisi: karani anafunga saa sita Jumamosi. Ijumaa: jamani, saa SITA. Ijumaa jioni: Lavonte, tafadhali. Leo asubuhi: Lavonte. Lavonte. Lavonte.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikutoka. Tofali kaleta mkate, kaweka mlangoni kama kwa mgonjwa wa ukoma. Akasema alidhani najua. Akasema kila mtu alijua.

Nimehesabu upya. Keturah na wengine: mia tatu arobaini na moja. Pungufu: hamsini na tisa. Kwenye boksi la viatu: tisini na saba. Nimehesabu mara tatu. Zimeloa jasho na zimeshikana, lakini bado ni tisini na saba.

Jumanne, 8 Oktoba

Uchaguzi wa tawi. Sikupata kura hata yangu, kwa sababu nilikaa chooni.

Keturah ni rais. Hakutoa hotuba. Alisema kuna watu tisini na saba wanaoamini wamejiandikisha, na hawakujiandikisha, na watakwenda kupiga kura warudishwe mbele za watu. Kila mmoja lazima aambiwe, uso kwa uso. Akanipa nafasi ya kuwaambia mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Nimegonga milango kumi na moja. Wa kwanza alidhani nimeleta kadi yake ya mpiga kura, akaita mwenzake waje waone. Wa nne, msichana wa uuguzi, alikuwa amempigia simu bibi yake kumwambia ni wa kwanza katika ukoo kujiandikisha bila kuogopa mtu. Akaniuliza sasa ampigie tena amwambie nini. Wa kumi na moja alifunga mlango taratibu, na hiyo iliuma kuliko kubamizwa.

Waliobaki nimewasukumia kikaratasi chini ya mlango. Kwenye kikaratasi nimeandika "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Nadhani imekaa vizuri.

Jumatano, 16 Oktoba

Bodi imekaa leo. Dakika sita. Kituo kinahamia Dunmore. Dokta Mosley aliuliza kama wanaweza kutazama fomu tisini na saba zilizochelewa. Wakamuuliza zilichelewa kwa nini. Alinyamaza, Mpekuzi. Mwalimu wa miaka arobaini darasani, mtu wa maneno, alisimama pale na kofia mkononi akanilinda kwa kunyamaza. Nilikuwa safu ya nyuma. Nilitazama viatu vyangu. Vya kanisani.

Jumatano ya kuku. Nilichukua sahani. Bi Vernell alikuwa zamu. Nikaanza hotuba, nilikuwa nimeiandaa: mapambano, vizingiti, mfumo. Akaniinulia kijiko. Akasema kaambiwa yote na Deshaun, mwenye nusu kichwa. Akasema mwanangu, ulipita pale pale mlangoni.

Nikasema ndiyo.

Akasema nilikuona, nilikuwa kwenye kona na kiti changu. Nilikupungia.

Akaniwekea kuku kama kawaida. Paja moja. Akamwita anayefuata.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo wafanyakazi wamefunga ukumbi wa michezo. Vile vibanda vya kupigia kura, vya mbao, vyenye pazia la buluu, vimepakiwa kwenye gari la kaunti. Bi Vernell alitoka na aproni akasimama kwenye ngazi za bwalo. Alitazama saa yake, kisha akarudi ndani. Nadhani zilikuwa dakika kumi na nne.

Ukutani ofisini fremu ya ishirini na nne imejaa. Keturah kapigwa picha amefumba jicho moja. Hata hakurudia!

Jumatatu, 4 Novemba

MPEKUZI! Nimerudi!

Kura ni kesho na nina mpango. Hatukuweza kukibakisha kituo kwa watu, basi tutawapeleka watu kwenye kituo. Nimezunguka wiki mbili kimyakimya, madarasani, jikoni, kwa wafagiaji, nikiandika kila aliye na haki ya kupiga kura asiye na gari. Nimepata arobaini na tatu! Keturah naye anatafuta haohao, kapata kumi na tisa tu. Watu huniambia mimi mambo. Nina uso wa kuaminika.

Jina la kwanza kwenye orodha yangu: Vernell Suggs. Alifikiri sana kabla ya kuandika. Akaniuliza, hili una uhakika? Nikamwambia Bi Vernell, kwa jina la mama yangu. Bwalo limempa saa moja na nusu ya kutoka, saa tano mpaka saa sita na nusu. Haiongezwi. Ameandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Usafiri ni lile tela! Na trekta! Bendera pande zote, Tofali na tuba mbele, mimi katikati. Ndiyo, boksi ninalo, nimelipaka rangi upya. Fikiria watu arobaini na tatu wa Hollis wanaingia Dunmore kwa muziki, waandishi wamesimama! Trekta inakwenda taratibu kidogo. Sijauliza kama inaruhusiwa barabara kuu, lakini nani atazuia kitu kizuri vile?

Sasa hivi Keturah katoka hapa mlangoni. Kapata vibasi vitatu vya kanisa, na madereva. Anasema vina nafasi, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi, lakini lazima wajue leo kabla ya saa kumi jioni nani yuko wapi na anatoka saa ngapi. Baada ya hapo mchungaji anavigawa kwa mji mwingine. Anasema amesikia nina orodha. Ananiomba. Akasema, rais mzima, kwamba nikitaka itangazwe ni kazi yangu, itatangazwa, jina langu juu, herufi kubwa. Niitoe tu.

Nikamwambia ataiona kesho pamoja na wengine.

Hakubisha. Kakaa kwenye ngazi za bweni. Namwona dirishani. Simu mkononi, kalamu tatu mfukoni.

Ni saa tisa na dakika hamsini. Orodha iko kwenye boksi la viatu, boksi liko miguuni pangu. Kutoka hapa mpaka kwenye ngazi ni hatua kama thelathini.

Wewe Mpekuzi, sema kweli, hebu. Ungekuwa mimi, na tela limeshapambwa, na rangi bado haijakauka, ungempa?